Kijana wangu wa kazi hasalimii na hawezi kelele: nimwachishe au nimpeleke hospitali?

*"Nina kiwanda kidogo cha kufungasha asali hapa Tabora mjini, tupo watu 14. Kuna kijana wa miaka 24, huu ni mwaka wake wa pili. Kazi yake ni kupokea ndoo za warina asali, kupima unyevu na kuingiza kwenye kompyuta. Kwa kazi hiyo sijaona wa kumfikia. Msimu uliopita alikataa ndoo ambazo wenzake wote waliziona nzuri. Mwenye nazo akaziuza kwingine, na baadaye tukasikia zimechacha. Shida ni nyingine. Hasalimii. Asubuhi anawapita watu wazima bila neno, na mzee mmoja mrina asali aligeuza na mzigo wake akisema nimeweka mapokezi mtoto asiye na adabu. Mashine ya kujazia ikiwashwa, anaziba masikio na kutoka nje. Wiki mbili zilizopita binti wa lebo alifiwa, nikamwambia kijana aache kupima, akabandike lebo. Akasimama anapunga mikono, halafu akapiga kelele, akatoka. Alirudi baada ya kama saa nzima, akaendelea kupima kana kwamba hakuna kilichotokea. Wafanyakazi wengine wanasema ana mashetani, wengine wanasema namdekeza. Mpwa wangu aliyeko chuo Dar anasema ni usonji. Nilipomgusia mama yake alinijia juu, akasema mwanawe si kichaa. Nimwachishe kazi? Nimpeleke hospitali? Namhitaji, lakini na wengine nawahitaji."*

Dada, pole kwa kubanwa katikati. Na asante kwa kuandika kwa kirefu. Ungeniambia kwa mistari miwili tu kwamba una mfanyakazi mkaidi, ningekujibu mengine kabisa.

Ninavyokusoma, una hofu mbili ndani ya swali moja. Ya kwanza ni ya biashara: warina asali wanakuletea mzigo kwa sababu wanakuamini na wanapokewa vizuri, na mzee mmoja akiondoka kwa hasira, habari itafika kijijini kabla yake. Ya pili ni ya moyo: unaona kabisa kijana hana ubaya, ila waliokuzunguka wamekupa majibu matatu yasiyopatana, mashetani, kudekezwa na usonji, na hujui ushike lipi. Nitajibu yote, ila si kwa mpangilio uliouliza. Kuachisha kazi na kwenda hospitali tutayafikia mwishoni, maana kuna mengi ya kufanya kabla ya hapo.

Sitasema kijana huyu ana usonji, ile hali ya ubongo ambayo kwa Kiingereza huitwa autism. Kumtambua mtu mzima kunahitaji kukaa naye, kumsikiliza mwenyewe, na kumuuliza aliyemlea alivyokuwa akiwa na miaka miwili, mitatu, minne: alianza lini kuongea, alichezaje na wenzake, nini kilikuwa kinamliza. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayouonyesha. Kuchukia kelele peke yake si usonji, na wasiosalimia kwa sababu zao wapo tele. Lakini kelele, salamu, mabadiliko ya ghafla, na jicho linaloona tofauti ndogo waliyoipita wote, vikikutana kwa mtu mmoja na kama vilikuwepo tangu utotoni, basi mpwa wako hajabuni. Na jambo jema ni kwamba mengi unayoweza kufanya kazini hayamsubiri daktari.

Kwanza tuondoe yasiyo kweli. Usonji si wazimu, na si utindio wa ubongo, ingawa mtaani vyote hutiwa kapu moja. Hauletwi na malezi mabaya wala na mama aliyedekeza mtoto. Kwa sehemu kubwa ni wa vinasaba, mtu huzaliwa nao. Wala si ugonjwa wa watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila 127 duniani alikuwa na usonji, na wengi kati ya hao ni watu wazima wenye kodi ya nyumba na bosi. Hapa kwetu wengi hawajawahi kuonwa na mtaalamu yeyote. Wameitwa wakimya, wakaidi, wenye kiburi, basi.

Kuhusu mashetani sitabishana na imani ya mtu. Nitakuomba tu uangalie saa. Kupunga mikono na kupiga kelele kulitokea pale ulipomtoa ghafla kwenye kazi aliyokuwa ameizamia, na kulikwisha alipopata muda wa kutulia. Kitu chenye sababu inayoonekana kinashughulikiwa kwa kuishughulikia sababu. Ninachokuombea kwa msisitizo ni kwamba asije mtu akamshauri mama yake kumfukiza moshi, kumfunga au kumchapa ili "kitoke". Hakuna kitakachotoka, na mtu ataumia.

Sasa kelele. Huenda masikio yake yanasikia sawa na yako. Tofauti iko kwenye uchujaji. Ubongo wa watu wengi hufanya kazi ya chujio lenu la asali: mashine ikishawaka dakika chache, mlio wake unabaki juu ya kitambaa, na wewe unaendelea kumsikia unayeongea naye. Kwa wengi wenye usonji kila kitu kinapita, mota, vifuniko vinavyodondoka, redio ya jirani, mazungumzo ya nyuma, harufu ya nta inayoyeyushwa, taa inayopepesa. Vyote vinafika pamoja na kwa nguvu. Anapoziba masikio na kutoka hadharau kazi yako. Ametoka kabla hajazidiwa, na huo ni uamuzi mzuri kuliko kubaki.

Umakini wake nao una namna yake. Watafiti watatu, Dinah Murray wa Uingereza na wenzake wawili, waliandika mwaka 2005 kwamba umakini wa mtu mwenye usonji huelekea kuzama kwenye mambo machache kwa kina, badala ya kutapakaa juu juu kwenye mengi. Mtazame kijana wako akipima. Anadondosha tone kwenye kioo cha kipimo, anafunika, analitafuta dirisha lenye mwanga, anausoma mstari unaotenga bluu na nyeupe, anafuta kioo, anarudia. Anajua kwamba asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 iko nje ya kiwango cha kimataifa na hamira zilizomo zitaamka ichache. Wenzake nao wanajua. Tofauti ni kwamba yeye, ndoo ya kumi na tano anaisoma kwa uangalifu uleule wa ndoo ya kwanza, wakati mwenzake ameshaanza kuwaza chakula cha mchana.

Umakini wa namna hiyo ukizama, kuutoa ghafla kunauma. Siku ya lebo ulimwondolea vitu vitatu kwa sentensi moja: kazi iliyokuwa nusu, mpangilio wa siku aliokuja nao kichwani tangu nyumbani, na utulivu wa kona yake, kwa sababu meza ya lebo, kama ilivyo kwenye viwanda vingi, nadhani iko karibu na mashine. Mikono ile aliyoipunga ilikuwa njia ya mwili kujituliza. Haikutosha, akapiga kelele. Saa nzima aliyokaa nje ndiyo iliyomrudisha. Ulichokiona kama "kana kwamba hakuna kilichotokea" huenda kilikuwa aibu, na kushika kipimo ndiyo njia pekee aliyoijua ya kukuambia samahani. Hilo la mwisho ni dhana yangu. Muulize mwenyewe, siku nyingine, mkiwa mmetulia.

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo sehemu nyingi za kazi zinapojikwaa. Sisi tumelelewa kuagiza bila kuagiza. Unaingia chumba cha kufungashia unasema, "Jamani, sakafu hii leo!" na aliyekaa karibu anachukua fagio. Unasema, "Ndoo zile zinangoja," na mtu anaelewa kwamba ni za kupimwa, leo, kabla ya chakula. "Ukipata nafasi" ya bosi maana yake sasa. "Nakuja sasa hivi" inaweza kuwa dakika tano au jioni. "Tutaona" mara nyingi ni hapana. Hakuna aliyetufundisha haya, tuliyapata kwa kukaa na watu. Mtu mwenye usonji huyachukua maneno yalivyosemwa. Ukimwambia habari ya sakafu ataitazama, ataona kweli ni chafu, atakubaliana nawe, na ataendelea kupima. Umempa habari, hukumpa kazi.

Kwa hiyo mpe kazi. "Kuanzia saa nane mchana bandika lebo kwenye chupa za nusu kilo, katoni kumi. Ukimaliza rudi kwenye kupima." Ina saa, ina kiasi, ina mwisho. Kwetu inasikika kavu, unaweza hata kuona aibu kuitamka bila "naomba mwanangu" mbili tatu. Yeye hataiona kavu, ataona umemheshimu kwa kumwambia kitu kamili. Na ile desturi ya mabosi kutuma sauti ya dakika tatu kwenye grupu la WhatsApp, mwanzo salamu, katikati pole ya msiba, agizo limejificha mahali fulani na mwishoni kicheko, kwake ni hasara tupu. Mwandikie ujumbe mfupi peke yake. Kama umeshamwambia kwa mdomo, mwandikie vilevile.

Mabadiliko yatakuwepo tu, msiba hautoi taarifa. Ila kuna namna ya kuyaleta. Weka ubao mmoja ukutani, wa chaki unatosha, wenye kazi za siku na saa ambazo mashine itawaka. Ukitaka kubadili, nenda ubaoni, futa, andika, umwonyeshe, umwache amalize ndoo aliyoishika. "Malizia hii na hizo mbili, halafu lebo." Dakika hizo kumi ndizo zingebadilisha siku ile. Na ikiwezekana afundishwe kubandika lebo siku ya kawaida, isiyo na haraka, ili siku ya haraka asikutane na jambo geni na la ghafla kwa pamoja.

Kwa mashine, mnunulie vile vifuniko vya masikio wanavyovaa mafundi wa kukata vyuma. Maduka ya vifaa vya ujenzi wanavyo. Usimvalishe, mpe aamue. Kama nafasi inaruhusu, meza ya kupimia iende upande wa pili wa ukuta. Mkubaliane na ishara moja ya kutoka: labda anatundika kofia yake kwenye msumari karibu na mlango, na kila mtu anajua kwamba kofia ikiwa pale yuko nje kidogo na atarudi. Bila ishara, kutoka kwake kunaonekana utoro. Ikiwepo, imekuwa utaratibu wa kazi.

Turudi kwenye salamu, kwa sababu Tabora hiyo si kitu kidogo. Mzee akikuambia "Mwangaluka" hajamaliza, ndiyo kwanza anaanza. Zinafuata za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za yule mgonjwa wa juzi, na katikati kuna vituo vya kunyamaza ambavyo navyo ni salamu. Kwa mtu ambaye haoni alama za barabarani kwenye mazungumzo, neno lenyewe la kwanza halimshindi. Kinachomshinda ni kwamba hajui zitafuata ngapi, aangalie wapi, aishie wapi, huku mkononi ana ndoo ambayo hajaiandika. Wengi wakifika hapo huamua kutoanza kabisa.

Una njia mbili. Moja ni kumpa salamu yenye mwanzo na mwisho: akiingia asubuhi aseme "Shikamoo" kwa wakubwa na "Habari za asubuhi" kwa wenzake, mara moja, akiwa mlangoni, kwa wote kwa pamoja, kisha aende mezani. Mwambie na sababu, maana watu wa namna hii sheria yenye sababu huishika kuliko sisi: "Mzee asiposalimiwa anaona tumemdharau, na akiona hivyo haleti tena asali." Njia ya pili ni kumweka mtu mwingine mbele. Mama mchangamfu, na kila kiwanda anaye, ampokee mrina asali, ammalizie salamu zote mpaka mvua na ng'ombe, ampe kiti na maji, ndipo ndoo ziende kwa kijana. Mimi ningetumia ya kwanza kwa wenzake na ya pili kwa wageni. Huyo mama anaweza kuongeza, "Huyu kijana wetu si mwongeaji, ila vipimo vyake havina upendeleo." Wazee wa asali wameibiwa sana kwenye mizani, maneno hayo watayaelewa haraka. Ugonjwa, usonji, hospitali, hayo yote hayawahusu.

Kutazamana macho usimlazimishe. Kwa wengi kunawala umakini wote, hata unachosema hawakisikii tena. Bahati nzuri kijana kumkazia mzee macho kwetu hapa wala si adabu.

Na usitake aigize siku nzima. Wapo watu wenye usonji waliojifunza kuficha kila kitu, wanacheka wenzao wakicheka, wanakaa kwenye kelele meno yameumana, na jioni wanafika nyumbani hawawezi hata kuongea. Wakienda hivyo miaka, siku moja wanaanguka na kazi inawashinda kabisa. Chagua mambo machache ambayo biashara inayahitaji kweli, kama salamu ya mlangoni na ishara ya kutoka. Kula peke yake, kutocheka, kurudia shati la rangi ileile, hayo muachie.

Usielewe kutokana na ufafanuzi huu kwamba yeye ndiye asiyeelewa watu na ninyi mnaelewa kila kitu. Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenye usonji, ila kwa kuwa ndiye mwenye wengi nyuma yake, lawama haimfikii. Wafanyakazi wako kumi na kadhaa walimtazama kijana akipunga mikono na hakuna aliyejua kwamba amezidiwa. Nao walishindwa kusoma.

Nikupe mfano wa mtu mmoja. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, kule Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11, na wa kwanza kwenye orodha alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Huyo ndiye anayehesabiwa kuwa mtu wa kwanza kutambuliwa kuwa na usonji. Alifanya kazi ya benki kwa zaidi ya miaka 60, aliendesha gari, alicheza gofu, alisafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Ni kweli, familia yake ilikuwa na hisa kwenye benki hiyo, na wengi hawana bahati hiyo. Lakini na wenzake kazini nao walimzoea: walijua anavyoongea, wakajua pa kumwacha.

Usije ukavuka ukaenda upande wa pili, wa kumwona mwujiza. Si kila mwenye usonji ni bingwa wa vipimo au hesabu. Wapo wenye vipaji, wapo wa kawaida kabisa, na wapo wanaohitaji msaada mkubwa hata kwa kuvaa na kula. Kwa kijana wako hatari iko mara mbili. Ya kwanza, kwa kuwa ni makini, kila kazi ngumu itaelekezwa kwake mpaka achoke, na hatalalamika kwa sababu hajui kulalamika. Ya pili, utataka kumzawadia kwa kumfanya msimamizi. Msimamizi anatatua ugomvi, anabadili zamu, anasoma nyuso. Zawadi hiyo inaweza kuwa adhabu. Mwongeze mshahara.

Wenzake wanaosema unamdekeza wana hoja ndogo ambayo usiipuuze. Kama yeye anaruhusiwa kutoka nje na wao hapana, wataona upendeleo hata ukieleza mpaka jioni. Fanya mabadiliko yawe ya kiwanda kizima: ubao ni wa wote, vifuniko vya masikio kwa anayetaka, maagizo ya maandishi kwa wote. Utashangaa nani mwingine anafaidika. Yule anayekosea tarehe kwenye lebo kila wiki pengine ana disleksia, herufi na namba zinamchanganya, na angefanya vizuri akiwa na mfano uliobandikwa mbele yake. Yule anayeanza kazi nne bila kumaliza moja huenda ana shida ya umakini inayojulikana kwa kifupi ADHD, na ubao wenye kazi moja moja utamsaidia kuliko ukali. Au hawana lolote, wamechoka tu. Ubao hauulizi.

Kijana naye ana wajibu, na mwambie waziwazi. Kumpigia mtu kelele hairuhusiwi, hata akiwa amezidiwa. Ndiyo maana kuna kofia na msumari. Yakitokea, usimhoji palepale, maneno hayaingii wakati huo. Punguza watu, punguza kelele, usimshike, mwache. Kesho yake kaeni, mwulize nini kilianza kwanza, uandike. Mambo mawili matatu yakijirudia utayajua.

Sasa, kumwachisha kazi. Nitakuwa mkweli: yapo mazingira ambayo hata kwa nia njema kazi na mtu havipatani. Kama angekuwa kwenye kaunta ya kuuza rejareja sokoni, kelele kutwa na wateja kumi kwa wakati mmoja, ningekushauri umtafutie nafasi nyingine mapema. Lakini wewe tayari umemweka mahali panapomfaa, na kinachokwama ni pembeni ya kazi. Jaribu haya kwa msimu mmoja kwanza. Sheria pia ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, na kwa aliyekaa zaidi ya miezi sita inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha. Akiona ameonewa ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kwa watu 14 hilo halikufungi, ila ubaguzi umekatazwa hata ukiwa na wawili. Ukifika mahali pa kufikiria hatua hiyo kweli, ongea kwanza na ofisi ya kazi au mwanasheria.

Mama yake. Dada, pale uliteleza kidogo. Kijana ana miaka 24. Jambo la mwili wake na akili yake lilipaswa kuanza na yeye. Na fikiria mama huyo amesikia nini miaka yote hii, shuleni, kwa majirani, pengine kwa wakwe. Bosi wa mwanawe anakuja na neno jipya la hospitali, yeye anasikia kwamba kazi ya mwanawe inaondoka. Nenda tena, safari hii mpelekee sifa: mwambie habari ya ndoo zile zilizochacha. Mwombe radhi kwa ulivyoanza. Halafu uliza swali moja tu: "Nyumbani akizidiwa mnafanyaje?" Yeye ana uzoefu wa miaka 24 ambao mimi sina.

Hospitali ni uamuzi wa kijana. Ongea naye faragha, kwa maneno yanayohusu kazi: "Nimeona kelele zinakuchosha na mabadiliko ya ghafla yanakuumiza. Wapo wataalamu wa mambo hayo. Ukitaka kuonana nao nitakusaidia, usipotaka kazi yako haibadiliki." Wengine wakitambuliwa hupumua, wanasema kumbe sikuwa mjeuri. Wengine hawataki, na ni haki yao. Hakuna dawa ya kuondoa usonji, na anayeiuza anakuibia. Dawa zilizopo ni za mambo yanayoambatana nao, kama wasiwasi mkali, usingizi uliopotea au kifafa.

Lakini yapo ambayo hayasubiri hiari ya muda mrefu. Kama mabadiliko haya yameanza karibuni, alikuwa mchangamfu mpaka juzi, halafu ghafla akajitenga, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii au anaamini watu wanamwinda, huo si usonji, kwa sababu usonji hauanzi mtu akiwa na miaka 22. Kama kuna nyakati anakodoa macho, haitiki, kisha hakumbuki, au anaanguka na kukakamaa, apimwe kifafa, ambacho huwapata wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Kama ameacha kula, halali, au anazungumzia kufa au kujidhuru, msimwache peke yake, mpelekeni siku hiyohiyo.

Kwa Tabora mlango wa kwanza ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete. Aulizie huduma ya afya ya akili. Wakiona inafaa wanaweza kumpa rufaa kwenda Bugando Mwanza, Mirembe Dodoma au Muhimbili Dar es Salaam. Aende na mama yake kama wote wameridhia, maana maswali mengi yatahusu utoto wake. Kadi ya kliniki ya utotoni na ripoti za shule ya msingi zikipatikana, wabebe. Maoni ya mwalimu wa darasa la kwanza huwa na thamani kuliko watu wanavyodhani. Wewe unaweza kumwandikia ukurasa mmoja wa ulichokiona kazini, mazuri na magumu, kama ulivyoniandikia mimi, aubebe mwenyewe na aamue kuutoa au kutoutoa. Mwambie mapema ni siku gani, ataondoka saa ngapi na nani atashika kipimo akiwa hayupo, na siku hiyo usiikate kwenye mshahara.